Hitima ya Kitabu cha Hesabu

Watu wengine wakinusa karatasi ya gazeti iliyopenywa na samli ya halwa hukumbuka arusi. Mimi hukumbuka kugawanya kwa tarakimu mbili. Juzi jirani aliniletea halwa imefungwa vile vile vya kizamani, nikaiweka mezani, na ng'ambo ya meza mjukuu wangu kainamia simu, anafundishwa hesabu na mwalimu asiyemjua hata sura. Nikamwuliza ada ni kiasi gani. Akanitajia. Nikamwuliza tena, maana mara ya kwanza huwa siamini, mara ya pili ndipo ninapoumia.

"Na juu ya hiyo mwalimu mwampa nini?"

"Juu ya nini, Bibi? Si tushalipa?"

Nilipokuwa na umri wake, mwanafunzi wa namna hiyo ningemhesabu katika wezi.

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale, Mombasa, hamna haja ya kuelezwa, lakini nitaeleza, kwa sababu wajukuu zetu nao husoma. Chuoni kwetu, tulikosomeshwa Msahafu, elimu ilikuwa na vituo. Mtoto akifika sura fulani, nyumbani kwao hupikwa kitu, kikafunikwa kawa, kikapelekwa kwa Mwalimu. Mwalimu akionja, akikuombea dua, basi kituo kile umekipita. Kesho yake unafungua sura mpya. Ukimaliza Msahafu wote, hapo ni hitima yenyewe: wali, wageni, Mwalimu akavishwa kanzu, nawe ukasoma mbele za watu huku ukiyumba. Maana ya ulichokisoma? Hiyo ilikuwa elimu nyingine, ya watu wazima, baadaye, kwa atakaye. Mimi nilihitimu nikiwa na miaka kumi na sikujua neno moja la Kiarabu. Hakuna aliyeniona mjinga. Nilisifiwa mtaa mzima.

Sasa ukitaka kujua nilivyoingia matatani, shika hayo tu.

Baba yangu alifariki nikiwa mchanga, na aliyetulisha ni Ami Nassor, kaka yake, fundi wa kushona makanzu, mwenye duka lake Bondeni. Ami alikuwa mtu mwema ambaye kila wema wake ulikuwa na tarehe ya mwisho. Nilipotimiza miaka kumi na miwili akaja kwa Bibi, mama yake, akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Mama, huyu sasa amekua. Skuli inatosha. Na akae ndani ajifunze kushona kofia."

Bibi alitafuna tambuu yake taratibu. Kisha akasema, "Mwaka huu una mtihani. Akipita, aenda mbele. Mtafutie mtu amfunze hesabu, ndizo zinazomshinda."

"Mama, mtu huyo atataka pesa."

"Basi tuwekeane sharti. Akikimaliza kitabu cha hesabu kabla ya Idi Kubwa, atafanya mtihani wake. Asipokimaliza, mimi mwenyewe nitamtia ndani, na ufunguo nitaumeza."

Ami akakubali, kwa kuwa alijua hesabu zinanishinda. Mimi nikasikia neno moja tu: akikimaliza kitabu. Nimekwisha kumaliza Msahafu, kitabu cha hesabu kitakuwa na nini?

Mwalimu aliyepatikana alikuwa karani wa reli kutoka bara, jina lake Wekesa, amepanga chumba si mbali na duka la Ami. Mrefu, mpole, ana miguu ambayo haikupata suruali ya kuitosha. Ada shilingi ishirini kwa mwezi. Alikuja kila siku baada ya alasiri, tukakaa kwenye daka mbele ya mlango, na Bibi nyuma ya mlango ulioachwa wazi nusu, akisikiliza kila neno na kuelewa alilotaka.

Siku ya kwanza Mwalimu Wekesa akaniachia kitabu chake mwenyewe. "Binti, soma kurasa tatu za mwanzo. Kesho nitakuuliza."

Usiku ule nikakifungua. Mbele kuna maswali. Nyuma kabisa kuna majibu, yamepangwa kwa kurasa na namba, safi, kama aya. Nilishangaa mtu kuweka kitu cha maana nyuma na upuuzi wote mbele, lakini nikajiambia ndiyo desturi ya bara. Nikakaa kitako, nikaanza kuyumba: "Ukurasa wa kwanza: arubaini na saba, sitini na tatu, mia na mbili..." Kabla sijalala nilikuwa nimehifadhi kurasa tatu, na ya nne kwa akiba.

Kesho yake Mwalimu akasema, "Ukurasa wa pili, swali la tano. Mfanyabiashara ana magunia—"

"Thamanini na tisa."

Akanitazama. Akatazama nyuma ya kitabu. "Sawa kabisa. Umeifanyia wapi?"

"Kitwani, Mwalimu."

"Swali la sita. Treni imeondoka—"

"Mia na kumi na nne."

Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Na mbona unayumba?"

"Ndivyo ninavyosoma."

Baadaye nilisikia aliwaambia makarani wenziwe stesheni kwamba Mombasa kuna mtoto anayejibu swali kabla halijaulizwa. Alikuwa anajivuna. Nami pia. Tulikuwa watu wawili tunaojivunia vitu viwili tofauti, na baina yetu kitabu kimoja.

Tulipomaliza kujumlisha, nikaona hapa pana kituo, na kituo kina haki yake. Bibi hakuwa na pesa za kutupa na Ami hata usimtaje. Lakini mimi nilikuwa na biashara yangu. Nilikuwa nauza maembe mabichi mlangoni pa skuli, yamekatwa vipande, yamenyunyizwa chumvi na pilipili ya kusaga: vipande viwili peni, yaani senti kumi. Siku hizo peni na ndururu zilikuwa na tundu katikati, nami nilizitunga katika nyuzi kama shanga. Nyuzi tatu. Wa kwanza ni mtaji, huo haukuguswa hata kwa kiu. Wa pili ni wa ada za elimu. Wa tatu ni wa siku mbaya. Nilizivaa kiunoni ndani ya gauni. Bibi alikuwa akisema mtoto huyu ukimkumbatia wasikia soko.

Kujumlisha nikakufunga kwa kaimati za peni nne. Kutoa ni ndugu ya kujumlisha, kwa hiyo kaimati za peni tatu. Kuzidisha nikakuheshimu kwa robo ya mkate wa sinia. Kugawanya kulinitisha, hasa kwa tarakimu mbili, majibu yake yana mabaki na mabaki hayana wimbo. Hapo nikaona ni halwa, hapana njia. Nikaenda kwa muuza halwa.

"Nusu ratli bei gani?"

Akataja.

"Mwenyewe hununui kwa bei hiyo."

"Mimi ndimi ninayeipika, mtoto wewe!"

"Basi nipe ile iliyoshika chini ya sufuria. Hiyo hukuipika, imejipika."

Alicheka hadi akaniuzia ukoko wa halwa kwa thumuni, nusu shilingi, umefungwa katika gazeti. Nikampelekea Mwalimu Wekesa. Alikuwa ndiyo kwanza anakaa.

"Mwalimu, hii ni ya kugawanya."

Yeye akasikia ya kugawana. Hapana, sitamsingizia, alisikia vizuri, akadhani ni njia ya kitoto ya kusema ahsante. Alikuwa mtu wa watu wakarimu, kwao mgeni haondoki mkono mtupu, na akaona Waswahili nao ni wale wale. Akala. Akasema, "Mungu akubariki, binti. Haya, sasa twende mbele." Kwake yeye ilikuwa ratiba. Kwangu mimi nimeonjewa, nimeombewa dua, nimepitishwa. Kugawanya kukaisha palepale, na tangu siku ile sikukufikiria tena.

Tatizo likaja kwenye sehemu: nusu, robo, thuluthi. Nilimletea visheti, akala, akaenda likizo kwao wiki moja. Aliporudi akatia mkono kwenye mkoba wake, akatoa kikapu kidogo cha njugu.

"Hizi ni zenu. Mama yangu amesema siwezi kula kwa watu kila siku nisirudishe kitu."

Bibi akapiga kigelegele kidogo nyuma ya mlango. "Tazama ustaarabu wa mtu wa bara!"

Mimi roho ilinidondoka. Chuoni sikupata kuona Mwalimu akirudisha kitu. Kama ameirudisha ada, basi sehemu zangu hazikukubaliwa. Nikapiga hesabu: visheti vya peni sita, njugu za kama peni tisa. Amenirudishia na zaidi! Kosa langu lazima lilikuwa kubwa kuliko mada yenyewe. Nikalala siku tatu na kurasa za sehemu, nikazihifadhi upya mbele na nyuma, nikampelekea visheti vingine vya peni tisa kamili ili tuwe sawa. Alivila. Wiki iliyofuata alileta ndizi.

Nilivyopona katika vita ile ni kwamba Bibi aliwahi kuzitia ndizi katika wali wa nazi kabla sijazifanyia hesabu.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mada kwa mada, kitafunio kwa kitafunio, mpaka siku chache kabla ya Idi Kubwa nilipomwambia Bibi, "Kitabu kimekwisha. Majibu yote yako kitwani." Nilisema majibu. Bibi alisikia kitabu.

Akasimama. "Basi watu watakula."

Ami alipoambiwa, alikuna kidevu. "Mama, hitima ya hesabu?"

"Sikusema hitima. Dua ya hitima ni ya Msahafu, hilo nalijua tangu hujazaliwa. Nimesema mtoto amemaliza kitabu, na kitabu ni elimu, na mwalimu wa elimu huvishwa. Wewe u mshona makanzu, au watu waseme kanzu zimekwisha dukani kwako?"

Ami alikubali, tena upesi, nikashuku. Kumbe naye alikuwa na lake: alitaka mashahidi. Kitabu kikiisha mbele za watu, ada imeisha mbele za watu. Hata hivyo kanzu akamuuzia mama yake kwa pesa taslimu, pamoja na kofia, na mimi nilikuwapo.

Jioni ile nyumba ikajaa. Wanaume ukumbini chini, wanawake juu, na mimi kwenye ngazi katikati, nyuma ya pazia, na kitabu kimefungwa mapajani. Mwalimu Wekesa alifika na suruali yake fupi, akidhani amealikwa chakula cha jioni. Bibi alimwita mlangoni akamkabidhi kanzu.

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Kanzu haisali, mwanangu. Mtu ndiye husali. Vaa."

Akavaa. Nayo ilimfika katikati ya miundi, kwa kuwa Ami hakupima, alikisia kwa faida yake. Akakalishwa mahali pa heshima, sinia la pilau mbele yake, akatabasamu kwa kila mtu. Ndipo Ami akasema, "Haya, tusikie."

Nikaanza. "Ukurasa wa kwanza: arubaini na saba, sitini na tatu, mia na mbili..." Sauti niliitoa ile ya chuoni, nikaiinua penye makumi, nikaishusha penye mamia. Juu wanawake wakatulia. Chini wazee wakatikisa vichwa kwa utaratibu. Nilipofika kuzidisha nilikuwa nimekolea, nayumba ngazi zinalia, na penye kugawanya, nilipomaliza na mabaki yake yote, vigelegele vikapasuka juu kama mvua juu ya mabati.

Kwenye upenyo wa pazia nikamwona Mwalimu Wekesa. Tonge lilikuwa njiani kuelekea kinywani, nalo lilisimama hapo. Polepole akalirudisha siniani.

Nilipomaliza, Ami akamgeukia. "Mwalimu, umesikia. U radhi naye? Ukisema radhi, tumemaliza, na ada imefika mwisho wake."

Mwalimu akasafisha koo. "Naomba nimwulize swali moja tu."

"Uliza."

"Binti. Mia tatu arubaini na saba, mara ishirini na sita."

Nikatabasamu gizani. Maskini, alikuwa amelisoma swali kombo. Kitabuni ni mia tatu sabini na nne. Nikamsamehe, nikajibu swali alilokusudia: "Elfu tisa, mia saba, ishirini na nne!"

Vigelegele tena. Wazee wakasema mashaallah. Katika nyumba nzima, ya watu waliojaa pilau, ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba nimekosea, na mtu huyo alikuwa akinyanyuka, kanzu imempanda magotini, anakuja kwenye ngazi. Akasimama upande wa pili wa pazia.

"Hiyo umefanyaje?" akanong'ona.

"Ukurasa wa arubaini na moja, swali la saba. Umelisoma kombo kidogo, Mwalimu, lakini hakuna aliyejua."

Akasogea karibu zaidi na pazia.

"Kitabu chote hivi?"

"Chote."

"Na maana yake?"

"Kwani zina maana?"

Nikasikia pumzi ikimtoka. Na hapo, bila kuambiwa, nikajua. Nilikuwa nimewahi kusikia mtu akihema vile: mimi mwenyewe, siku embe zangu zote zilipooza. Mtu huyu amegundua bidhaa yake imeoza. Akirudi ukumbini akasema kweli, kesho nimo ndani na sindano ya kofia. Akisema radhi, mwisho wa mwaka nimo mbele ya mtihani uliochanganya namba kama alivyozichanganya yeye, kisha nimo ndani na sindano ile ile.

"Mwalimu," nikanong'ona haraka, "chuoni kwetu mtu huhitimu kwanza. Maana huja baadaye."

"Unasemaje?"

"Kuhitimu ni kusoma tu. Kisha atakaye hukaa tena na mwalimu, akasomeshwa maana. Haonekani mjinga. Huonekana anazidi."

Kisha nikaona kanzu inageuka.

"Mzee Nassor," akasema, kwa sauti ambayo nadhani aliitumia kutangaza treni, "niko radhi. Binti amehitimu kusoma. Sijapata kuona mtoto aliyehifadhi namna hii, hapa wala kwetu."

"Alhamdulillahi," akasema Ami, akaanza kunyanyuka.

"Sasa imebaki maana."

Ami akakaa. Nilimwona akitafuta njia ya kutokea, asiione. Ukumbi ule ulikuwa umejaa watu ambao hakuna hata mmoja angeweza kusema, mbele ya mwenziwe, kwamba maana haina haja.

"Kweli," akasema mzee mmoja, "elimu ni maana."

"Na hiyo maana yachukua muda gani?" Ami akauliza.

"Miezi minane. Mpaka mtihani."

"Kwa ishirini? Hayo hatukuwekeana!"

"Nitapunguza. Kumi na nane."

"Kumi na nane mara... Yakhe, hiyo ni pesa ya kununulia cherehani!"

Hapo ndipo sikuweza. Nimeumbwa hivi: nikisikia bei inapita sijaigusa, huwashwa.

"Kumi na nane mara nane ni mia na arubaini na nne, Ami!" nikapiga kelele nyuma ya pazia. "Lakini Mwalimu amekwisha kupewa kanzu na kofia, na Bibi alikulipa thalathini na mbili, nilikuwapo. Kata hiyo katika ada. Yabaki mia na kumi na mbili. Kwa miezi minane, ni kumi na nne kwa mwezi. Kumi na nne, Mwalimu, na jioni utakula hapa!"

Mwalimu Wekesa alikuwa akichezesha midomo, anahesabu. Akahesabu mara ya pili, nikampenda kwa hilo.

"Ni sawa," akasema taratibu. "Ni sawa kabisa. Na hiyo haimo kitabuni."

"Yaani mtoto ananikata kanzu niliyokwisha kuvaa?" akaongeza, na ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Juu wanawake, ambao hawakusikia kilichosemwa, wakapiga vigelegele wasipitwe. Mzee mmoja akamshika Ami bega. "Nassor, huyu ukimtia ndani utapata hasara. Mwache asome, akufungie hesabu za duka."

Ami alinitazama kupitia pazia kama anayepima kitambaa. "Kumi na nne," akasema mwishowe. "Na iwe maana kweli."

Kesho yake baada ya alasiri Mwalimu Wekesa alikuja kama kawaida. Nilikuwa tayari kwenye daka, kitabu kimefunguka, nimeanza kuyumba. Akanyoosha mkono, akakichukua. Akakifunga. Akakitazama mbele na nyuma, akakiweka kwenye kiti chake, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Haya, binti," akasema. "Sasa tuanze."